Mkikata jina, turudishieni vipande

Ndugu Mhariri,

Mteja akileta kitambaa kwangu, hatoki bandani kabla hajaniambia, "Fundi, vipande vyangu usivitupe." Hata kama ni mita mbili za kitenge cha sketi ya mtoto. Anajua mkasi ni wangu na kukata nitakata mimi. Anachotaka ni kuona kilichobaki, ajue kitambaa chake kimekwenda wapi. Nimeshona miaka arobaini na mitatu hapa Morogoro, hatua chache kutoka Soko la Chifu Kingalu, na sijapata kumwita mteja mkorofi kwa kuulizia vipande vyake.

Ninaandika kuhusu chama changu, Chama Cha Mapinduzi (CCM), na majina ya wanaotaka kugombea urais yanavyokatwa bila sisi wanachama kuambiwa sababu. Kadi ya CCM niliichukua mwaka 1977, Chama kilipozaliwa, nikiwa na miaka kumi na minane. Nimekuwa katibu wa UWT, yaani umoja wa wanawake wa Chama, ngazi ya tawi, nimekuwa balozi wa shina, na mwaka 1995 nilikwenda Dodoma nikiwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa. Nayataja haya mapema kwa sababu najua kuna watakaosema huyu mama ametumwa. Waje bandani niwaonyeshe kadi. Ada nimelipa.

Januari mwaka 2025, Mkutano Mkuu maalumu ulioketi Dodoma tarehe 18 na 19 uliimaliza kazi ambayo tulizoea kuiona ikifanyika Julai. Ndugu Samia Suluhu Hassan akapitishwa kuwa mgombea wetu wa urais, Dk. Hussein Mwinyi kwa upande wa Zanzibar, na Dk. Emmanuel Nchimbi akawa mgombea mwenza. Hakuna aliyechukua fomu, hakuna aliyezunguka mikoani kutafuta wadhamini. Redio ilikuwa imewashwa bandani. Binti ninayemfundisha kushona akapiga kigelegele, na mimi nikapiga. Sioni haya kusema: mwanamke mwenzangu kuwa Rais wa nchi hii ni jambo ambalo mama yangu hakuota.

Lakini siku mbili baadaye wenzetu wa upinzani, CHADEMA, walikuwa Mlimani City wakimchagua mwenyekiti. Yule binti alikuwa anafuatilia kwenye simu huku anatia vifungo, na vifungo vyenyewe siku ile alivitia upande. Watu wamekesha, masanduku yamefunguliwa, kura zinahesabiwa na nchi nzima inatazama. Asubuhi ya tarehe 22 ikatangazwa: Tundu Lissu 513, Freeman Mbowe 482. Kura 31. Mwenyekiti wa miaka zaidi ya ishirini ameondolewa kwa kura 31, na akakubali na kumpongeza aliyemshinda. Binti akaniuliza, "Mama, na sisi CCM tuliwahi kufanya hivi?"

Nikamwambia keti chini.

Julai 1995 tulitoka Morogoro kwa basi, wajumbe wa mkoa, tukiimba mpaka Gairo, kisha sauti zikakauka kwa vumbi na baridi. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza miaka yake kumi ya urais. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa mchanga, na Augustine Mrema alishatuhama na kwenda NCCR-Mageuzi akiwa na watu wengi nyuma yake, kwa hiyo hatukwenda Dodoma kwa mchezo. Majina matatu yalifika mbele yetu. Cleopa Msuya alikuwa Waziri Mkuu, yaani mtu mwenye serikali mkononi. Jakaya Kikwete alikuwa Waziri wa Fedha, kijana wa miaka 44. Benjamin Mkapa alikuwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, na kwa kweli wengi wetu kutoka vijijini tulimjua kwa jina la redioni zaidi kuliko kwa sura.

Raundi ya kwanza Kikwete alipata 534, Mkapa 459, Msuya 336. Waziri Mkuu aliyeko madarakani ameshika nafasi ya tatu! Naomba msomaji asipite haraka hapo. Hakuna aliyesema wajumbe wamemkosea adabu, hakuna aliyesema tumepasua Chama. Hakuna aliyefikisha nusu, kwa hiyo tukarudia na majina mawili. Mkapa 686, Kikwete 639. Kura 47. Raundi ya kwanza nilimpa Msuya, nalisema bila kificho. Ya pili ni siri yangu na sanduku.

Mwenye kura 534 za kwanza ameshindwa kwa 47, na hakuhama. Mkapa akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje, akakaa hapo miaka kumi, na mwaka 2005 akarudi mbele ya Mkutano Mkuu akapata kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Kwa nini alisubiri? Watasema ana subira, na labda ni kweli. Mimi naona pia kwamba zile kura 47 alizijua. Alijua ameshindwa na nani na kwa kiasi gani. Mtu akijua hilo anaweza kulala.

Najua kuna atakayenikumbusha kwamba hata 1995 majina yalikatwa kabla hayajatufikia. Ni kweli, na wa kwanza kutajwa ni Mzee John Malecela. Lakini Mwalimu Nyerere alikuwa amelisema lake hadharani, kwa sauti yake mwenyewe, kuhusu Malecela na suala la serikali ya Tanganyika, lile dai la Bara kuwa na serikali yake ndani ya Muungano. Unaweza kumlaumu Mwalimu kwa kuingilia, na kwenye basi wapo waliomlaumu mpaka tukakaribia kushikana mashati. Ila vipande tulivionyeshwa. Malecela mwenyewe alibaki, akawa Makamu Mwenyekiti, na kwenye kampeni alifanya kazi mpaka akabandikwa jina la Tingatinga.

Sasa nifike 2015, mwaka ulionigusa mfukoni.

Mwaka ule waliochukua fomu walikuwa 42, wakarudisha 38. Fomu moja shilingi milioni moja, wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Kwa sisi mafundi ilikuwa neema. Alinijia mpambe wa mmoja wa watia nia, na ni wa nani nitakaa nalo moyoni, akiwa na majora ya kitambaa cha kijani na njano. Alitaka mashati 90, kola ya njano, jina la mtu wake litariziwe mfukoni. Ufundi tukakubaliana 9,000 kwa shati, jumla 810,000. Akalipa 400,000 kwanza. Na Mhariri, yule bwana kabla hajatoka akanigeukia akasema, "Mama, vipande vyangu usitupe, nitavipitia." Kitambaa chenyewe cha kuchangiwa, lakini vipande anavitaka.

Nilishona na vijana wangu usiku na mchana. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 11 Julai tulikuwa tunapiga pasi, majina matano yakatoka Kamati Kuu: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Jina la mfukoni kwenye mashati yangu halimo. Nikampigia mpambe, simu inaita. Nikampigia tena, imezimwa. Mpaka leo ninapoandika.

Lakini hilo ni langu na yeye. La Chama ni kubwa zaidi. Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, alikatwa, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba mbele ya Mwenyekiti kwamba wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakajitokeza mbele ya waandishi kujitenga na uamuzi. Sisi huku chini tukawa tunaulizana: amekatwa kwa kosa gani? Wengine wakasema ni ile adhabu ya Februari 2014, pale watu sita walipoonywa na kuwekwa chini ya uangalizi kwa kuanza kampeni mapema. Haya, tuhesabu. Kwenye wale sita walikuwemo Lowassa, Frederick Sumaye, William Ngeleja, Stephen Wasira, Membe na January Makamba. Wawili kati yao waliingia tano bora. Wasira Januari 2025 tulimchagua Makamu Mwenyekiti. Basi haikuwa adhabu ile peke yake. Wengine wakasema Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme iliyomtoa kwenye uwaziri mkuu mwaka 2008. Inawezekana, lakini mbona haikutamkwa? Ingetamkwa, mimi ningeielewa, na huenda ningeiunga mkono, maana sikuwa wa Lowassa.

Matokeo ya Mkutano Mkuu hayakuwa na shaka: Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253, Migiro 59. Hazikupita wiki tatu, Lowassa akavaa magwanda ya CHADEMA. Oktoba akapata kura zaidi ya milioni sita. Magufuli alishinda kwa asilimia 58. Mwenye umri wangu anakumbuka kwamba hata mwaka wa Mrema tulipata karibu 62. Zile milioni sita hazikuwa za wageni wote. Nyingine zilikuwa za watu ninaowafahamu, wenye kadi kama yangu, waliorudi nyumbani na kanga zao za kijani wakazifanyia matambara ya kudekia.

Halafu nini? Lowassa alirudi CCM Machi 2019. Sumaye alihama Agosti 2015, akarudi 2020. Membe alifukuzwa Februari 2020, mwaka ambao alionekana angependa kumkabili Magufuli ndani ya Chama, akagombea kupitia ACT-Wazalendo, na mwaka 2022 akarudishiwa kadi. Membe tumemzika Mei 2023, Lowassa tumemzika Februari 2024, wote wawili wana-CCM. Nilikaa nikatazama msiba wa Lowassa kwenye televisheni, viongozi wakimsifu mmoja baada ya mwingine, nikajiuliza: kama sifa zote hizi alikuwa nazo, na kama makosa alikuwa nayo, kwa nini yote mawili hayakuwekwa mezani siku ile wajumbe wapo?

Zanzibar nako wana yao. Mwaka 2000 Dk. Mohamed Gharib Bilal aliongoza kwa kura kule Visiwani, Dodoma ikampitisha Amani Abeid Karume. Mwaka 2005 Bilal akathubutu kuchukua fomu Karume akiwa madarakani, hakufika popote. Alivumilia, akaja kuwa Makamu wa Rais wa Muungano mwaka 2010. Sitaki kuingia sana huko, wenyewe wapo.

Kwenye kikao cha tawi mwezi huu nililigusa jambo hili kidogo tu, kama mtu anayejaribu pasi kwa kidole chenye mate. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama kaka yangu, akanijibu, "Dada, Rais akiwa madarakani hapingwi, ndio utamaduni wa Chama. Anamaliza vipindi vyake viwili, kisha tunachuana." Mwingine akasema tukifungua mlango wa fomu ya pili, maadui watauingilia humo. Mwenyekiti wa tawi akasema tuendelee na ajenda ya mikopo ya akina mama, tukaendelea.

Hoja ya kaka yangu ina uzito na siidharau. Utamaduni huo umetupa mabadilishano ya amani tangu Mzee Mwinyi, na si nchi nyingi zinazoweza kusema hivyo. Ila nina jibu lake. Ndugu Samia aliingia Ikulu Machi 2021 kwa mujibu wa Katiba, baada ya msiba wa Magufuli. Mwaka 2015 hakuchukua fomu kugombea urais, alichaguliwa kuwa mgombea mwenza. Kwa hiyo katika marais wetu, yeye ndiye hasa ambaye mchuano wa wajumbe ungemfaa. Angesimama na mtu, au na watu wawili, angeulizwa maswali, angejibu, kura zingehesabiwa, na angeshinda. Mimi ningempa yangu kama ningekuwa mjumbe. Leo mtu akinibishia sokoni kwamba mama yenu kapewa, nina jibu gani? Nitasema kapitishwa. Na neno kupitishwa sokoni halina bei kama neno kushinda.

Hapa Morogoro tumekaa jirani na Mazimbu, walikoishi wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini mpaka walipotukabidhi majengo mwaka 1992. Nilipokuwa binti tuliwaona mjini, tulijua nyimbo zao japo maneno tulikuwa tunakosea. Kwa hiyo Desemba 2007 walipokutana Polokwane nilifuatilia kama mambo ya shemeji. Thabo Mbeki, Rais wa nchi, akashindanishwa na Jacob Zuma kwenye uongozi wa chama, akashindwa kwa kura 2,329 dhidi ya 1,505. Sitaficha kilichofuata: Septemba 2008 chama kikamtaka Mbeki aondoke Ikulu, akaondoka, na kundi likameguka likaunda chama chao, COPE. Kaka yangu wa tawini akiisoma barua hii atasema umeona? Nimeona. Kura haizuii watu kugombana. Nami sijasema inazuia. Lakini waliomeguka walikwenda na asilimia saba ya kura mwaka 2009, na aliyewashinda wanamjua kwa idadi. Sisi wa kwetu mmoja aliondoka na milioni sita na bado hatujui alikatwa kwa nini.

Sijaomba Kamati Kuu iondolewe mkasi. Watu 38 hawawezi kusimama wote mbele ya wajumbe, tungelala Dodoma mwezi. Kukata lazima kuwepo, nami kazi yangu ni hiyo hiyo. Ninachoomba ni kwamba fomu iwepo kila mara, hata Rais akiwa anamalizia kipindi cha kwanza, na mwanachama akiichukua asiitwe msaliti na vijana wa UVCCM wenye umri wa wajukuu zangu. Na jina likikatwa, Katibu Mkuu asimame mbele ya Mkutano Mkuu asome sababu, mstari mmoja unatosha: huyu ana kesi, huyu kagawa fedha, huyu hatujaridhika na afya yake, huyu tumeona bado mchanga. Mwenye jina akae pale asikie, na akitaka kujibu apewe dakika tano. Wajumbe wanatoka mbali, wengine Kakonko, wengine Mafia kwa boti. Wamekuja kufanya kazi, si kula wali wa Dodoma na kurudi na kofia.

Mwaka 1995 nilirudi Morogoro sina kofia. Nilirudi na zile namba, 686 na 639, nimeziandika kwa chaki ya fundi kwenye mlango wa banda. Wateja wakiuliza ni vipimo vya nani, nacheka.

Mwisho ni tangazo dogo, Mhariri, ukiona linafaa. Yale mashati 90 niliyafumua majina kwa wembe, jina moja moja, nikauza 89 kwa watu wa kampeni kwa 4,000 kila moja, nikapata 356,000. Ukijumlisha na ile 400,000 ya kwanza bado nadai 54,000. Kitambaa kilikuwa chake, hilo najua, kwa hiyo aje tuhesabiane. Shati moja lipo, jina lake sijalifumua. Na vipande vyake nimevitunza kwenye mfuko wa rambo, juu ya kabati, kama alivyoagiza.

Fundi cherehani, mwana-CCM,
Morogoro